Lita Sita za Kavata

Kavata aliuza ndengu sokoni Tawa, na mimba yake ya kwanza ilipofika mwezi wa saba alikuwa akitembea kama mtu aliyeficha kicheko mdomoni. Wasiwasi wote wa nyumba aliubeba mumewe, Mutisya, fundi wa kuchomelea mageti. Jumanne moja, huko kliniki, alimnyang'anya mkewe kijitabu na kusoma vipimo kwa sauti.

"Mwanzoni kiwango cha damu kumi na mbili nukta nane. Leo kumi na moja nukta mbili! Sista, imeenda wapi?" Akakunja mkono wa shati palepale. "Nitoeni mimi. Sasa hivi!"

Sista Kaveke alimtazama juu ya miwani. "Shusha mkono, Baba. Kavata, chai iko motoni na wageni wanaongezeka. Unafanyaje?"

"Naongeza maji na maziwa."

"Na majani?"

"Pia, lakini kidogo."

"Basi chai imezidi, rangi ndiyo imepungua. Ulianza na lita nne na kitu; sasa unakaribia sita. Maji ya damu yameongezeka haraka kuliko chembe nyekundu. Mwili unaweka akiba, ili siku ya kujifungua ukipoteza kiasi usiyumbe. Uko sawa kabisa. Tembe za chuma usiache."

Kavata alishika tumbo kwa mikono miwili, kicheko kikamtoka. "Lita sita! Mutisya, hata jerikeni ya lita tano hainitoshi!"

Benchi zima la akina mama likaangua kicheko. Sokoni nako hakunyamaza. "Msinisukume, nitamwagika!" aliwaambia wateja, nao wakampisha kama bibi harusi.

Miezi miwili baadaye mtoto alikuja, asubuhi ya Jumamosi, msichana mwenye sauti ya king'ora. Sista Kaveke alipima damu iliyotoka: haikufika nusu lita. Kavata alikisubiri kizunguzungu. Hakikuja. Ilikuja njaa.

"Kavata, uko..." Mutisya alianza, jicho likaangukia shuka lenye damu. Akapauka, akaporomoka sakafuni polepole kama gunia.

"Sista, mwinulie miguu!" Kavata alisema, machozi ya kicheko yakimdondokea mtoto kichwani. "Halafu nipeni uji. Mwingi."