Baba Hakualikwa

Mkutano wa video aliuitisha muuguzi, mtoto wa pili. Jumapili, saa nne asubuhi, kila mtu na simu yake. Siku mbili nzima alimfundisha shangazi yao mahali pa kubonyeza, na bado shangazi alipoingia kilionekana kipaji cha uso tu.

Ajenda ilikuwa moja: nyumba ya marehemu baba yao iuzwe au isiuzwe. Tangu mazishi ilikuwa imefungwa. Kaka mkubwa alikwenda kuifungua ili awaonyeshe hali yake. Akapita sebuleni, akapita jikoni, akasukuma mlango wa chumba cha baba.

"Mbona hukusema una mgeni?" shangazi akauliza.

"Mgeni gani, shangazi?"

Kitandani alikaa mwanamume, amewapa mgongo, anapiga kiatu brashi polepole. Kitinda mimba akaanza kulia.

"Acheni utani," kaka akasema. Yeye alikuwa akitazama kitanda kitupu, hata godoro hakina.

Sauti aliyoitoa muuguzi ilikuwa ileile ya wodini. "Kaka, usikaribie. Rudi kinyumenyume, utoke nje."

Brashi ikasimama. Yule mtu akainua kichwa, kama anayesikiliza.

Wote wakaanza kupiga kelele kwa pamoja. Muuguzi, kwa kuwa mkutano ulikuwa wake, akazima maiki zote isipokuwa yake. Kukawa kimya.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba," ikajibu sauti nzito, ya karibu sana. Skrini ilionyesha maiki zote zimefungwa, ila ya muuguzi.

Kaka alipofika uani, juani, hakuwa amesikia jibu lolote. Aliona tu nyuso za wenzake zilivyobadilika, akakaa chini palepale kwenye saruji.

Ya kuuza hayakuzungumzwa tena. Shangazi ndiye aliyesema atahamia yeye, nyumba isikae bila mtu, na hakuna aliyembishia. Mwezi uliofuata akahamia na kuku wake.

Ukimuuliza kama haogopi, anakucheka. "Nimwogope mdogo wangu niliyemfulia nepi?"

Lakini analala sebuleni, na kile chumba hajakifungua mpaka leo.