Koili ya Pili

Julai ya mwaka 1971 ilikuwa ya ukungu mzito, ule unaokaa migombani mpaka jioni. Mektrida, ambaye sasa ni mwalimu Moshi mjini, huukumbuka mwezi ule kuliko yote ya ujana wake.

Alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani kijijini, juu ya Kilema, akisubiri kuitwa chuo. Zahanati ya pale ilipata umeme kutoka mtambo mdogo uliozungushwa na maji ya mfongo, mfereji wa kijiji. Mtunzaji wake alikuwa Mzee Kastori, fundi aliyejifunza kazi kwa sikio na vidole. Hesabu hakuzijua, lakini mtambo ukibadili mlio tu, aliacha chakula akaenda kuutazama.

Wiki ile jirani yao Anyesi alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa mdogo mno, na baridi ilikuwa kali. Muuguzi Salvina akawasha hita. Papo hapo taa zikazimika, fyuzi imekatika. Ikawekwa nyingine, nayo ikakatika. Mara ya tatu Mzee Kastori akachukua waya mnene auweke mahali pa fyuzi.

"Shikamoo, mzee. Huo usiuweke," akamwambia Mektrida, aliyekuwa amemsindikiza Anyesi. "Mtambo utaungua, tukose vyote."

"Marahaba. Haya, msomi, wewe una lipi?"

Akamwomba azime taa zote, aweke fyuzi nyingine, hita ibaki peke yake. Mishale kwenye ubao wa mtambo ikatulia: volti 220, ampea tano na nusu. Mektrida akachuchumaa, akaandika ukutani kwa mkaa. Volti mara ampea, hita inakula wati 1,210. Volti kugawanya kwa ampea, ukinzani wake omu 40. Taa nazo, ambazo Salvina alizihitaji kumhudumia mtoto, zilitaka karibu ampea tatu, na mtambo haukuweza kupita saba.

"Hita ilikuja na koili ya akiba, waya wake wa joto," alisema. "Tuziunganishe zote mbili, moja ifuate nyingine."

"Moja imetushinda, nawe unaongeza ya pili?"

"Ukinzani utakuwa omu themanini, kwa hiyo umeme utakaopita ni nusu, ampea mbili na robo tatu. Joto nalo litakuwa nusu, ila halitakatika."

Mzee akachukua koleo. Akaifungua hita.

Walipowasha, koili ziliiva wekundu hafifu tu, na Mektrida akaingiwa na hofu kwamba amekosea. Taa zikawashwa moja baada ya nyingine. Mshale ukasimama chini ya sita. Saa nzima ilipita kabla Salvina hajatoka kusema chumba kimepata vuguvugu na mtoto ananyonya.

Mtoto huyo, Primus, alikua. Mwaka jana, 1985, alimaliza darasa la saba.

Lakini anachokikumbuka Mektrida kwa hamu ni zile alasiri zilizofuata. Mzee Kastori aliomba kufundishwa, naye akamfundisha, wameketi kando ya mtambo wakila ndizi za kuchoma. Mwishowe mzee alizijua hesabu zote mbili, kuzidisha na kugawanya, ila neno "ukinzani" alilikataa katakata. Yeye aliuita ubishi wa waya. Alifariki mwaka wa vita vya Kagera.

Siku nyingine, akiwa ubaoni mbele ya wanafunzi, neno "ubishi" humponyoka Mektrida. Darasa hucheka. Yeye hungoja wamalize, halafu huendelea kuandika.