Matanga Katikati ya Barabara

Nchi ya Kasini ilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu wenyewe ulikuwa mbio. Asubuhi Mfalme Kifaru alikimbia kutoka ikulu kwenda bondeni, jioni akakimbia kurudi. Nyuma yake walikimbia mawaziri, na nyuma ya mawaziri walikimbia Nyumbu wa ulinzi, vumbi likipanda mpaka mlinzi hajui anamlinda nani. Kumpita Mfalme lilikuwa kosa. Kubaki nyuma lilikuwa kosa pia. Watu wakikutana njiani waliulizana, "Mbio zinaendaje?" jibu likawa, "Zinakwenda," na kila mmoja akashika njia yake kabla hajaulizwa habari za nyumbani. Aliyeonekana akitembea alishukiwa kuwa anawaza.

Barabara ya Enzi iliteremka mlima kwa ukali, na chini kabisa, penye mgunga mmoja, ikapinda ghafla kushoto. Asiyepinda alikutana na korongo. Ng'ambo ya kona hiyo kulikuwa na maji, na upande huu waliishi wadogo wa nchi, akina Sungura, Digidigi na Kanga. Basi kazi ya kwanza ya kila mama ilikuwa kuvusha watoto. Aliyewahi kuvusha mtoto barabara ya namna hiyo anajua. Unamshika, unasikiliza, unasema haya sasa, halafu unasema hapana, rudi, rudi.

Alianza kufa bibi mmoja Sungura. Msafara ulimpitia, ukaendelea. Bwana Fisi, Waziri wa Misiba, alipopata habari alimshauri Mfalme aende kutoa rambirambi upesi, kabla machozi ya wafiwa hayajakauka. Mfalme akaenda mbio. Pale pale konani msafara wa rambirambi ukawakanyaga mapacha wa Digidigi. Ikabidi Mfalme atoke tena kwenda kwa Digidigi, naye hakuchelewa, na safari hiyo akafa Madoa, kifungua mimba wa Mama Kanga, aliyekuwa anatoka majini na shingo bado imelowa.

Mfalme alifika kwa Mama Kanga akihema. Alileta mzigo wa majani makavu, ambayo kanga hali, na hotuba.

Mama Kanga alizika. Alikuwa na watoto wengine bado, na hao walikuwa na kiu kila siku kama kawaida. Akajifunga kibwebwe, akapanda mlima kwenda barazani.

"Pole sana, mama," alisema Bwana Fisi. "Msiba wako ni wetu."

"Nimeshapoa, Mheshimiwa. Nimekuja na ombi. Pale konani, mtembee."

Mjumbe mmoja alikohoa kana kwamba mtoto ametamka tusi mbele ya wageni.

Bwana Swala, Waziri wa Njia, alikuwa akirukaruka mahali alipo, maana kusimama wima aliona ni uvivu. "Mama, tuelewane. Hii ni barabara ya maendeleo. Mfalme akianza kutembea, atafika lini?"

"Atafika wapi, Mheshimiwa?"

Swala akawatazama wenzake. Wenzake wakatazama miguu yao. Miaka yote ile swali hilo lilikuwa halijaulizwa.

Mfalme akasafisha koo. "Huyo mtoto alikuwa anatafuta nini barabarani?"

"Alikuwa anavuka, Mtukufu. Maji yako ng'ambo."

"Na kwa nini maji yako ng'ambo?"

"Ndiko Mungu alikoyaweka."

"Waziri," alisema Mfalme, "liangalie hilo. Kuna uzembe upande wa maji."

Walijadili mpaka wakatoka jasho. Mwisho wakatangaza kwa fahari kwamba Serikali ni sikivu, kilio cha akina mama kimesikika, na kuanzia siku hiyo mwendo umepunguzwa Kona ya Mgunga kwa wote wasiokuwa kwenye msafara. Kona yenyewe ikapewa jina jipya, Kona ya Amani, likaandikwa kwenye kibao, na kibao kikasimikwa kikitazama korongo.

Mtu wa kwanza kukamatwa kwa mwendo kasi alikuwa Kobe. Mvua ilikuwa imenyesha, akateleza juu ya mteremko, akashuka chali mpaka miguuni pa askari.

"Ulikuwa unakimbilia nini, mzee?" hakimu alimuuliza.

"Nilikuwa natafuta pa kushika, mheshimiwa."

Akafungwa. Redio ya ikulu ikasema sheria imeanza kuonyesha meno.

Haukupita muda, Nyumbu mmoja wa ulinzi, kijana aliyeajiriwa juzi juzi, aliteleza konani katikati ya msafara. Wenzake wa nyuma hawakuweza kusimama, wakampitia. Hakuwa Sungura wala Kanga, alikuwa mtu wa ndani. Hata hivyo Mama Nyumbu alipokwenda kumwokota mwanawe, alikuta Mama Kanga amewahi, ameshamfunika uso.

"Mwanangu alikuwa mlinzi," alisema Mama Nyumbu. "Hebu niambie shoga, alikuwa anamlinda nani?"

Mama Kanga akakaa naye. Kisha akasema, "Lete mkeka."

"Nyumbani kwangu ni kudogo. Matanga tutakaa wapi?"

"Hapa hapa."

"Barabarani? Watatupitia."

"Watupitie vipi na sisi tuko matangani? Umeshaona nani anaingia matangani anakimbia? Hata huyo Fisi, akifika kwenye mkeka, anatembea."

Na kweli, katika nchi nzima ya Kasini, pale tu ndipo miguu ilipopumzika. Ukifika msibani unatembea, unainamisha kichwa, unakaa chini. Mfalme mwenyewe, akishamaliza kukanyaga, mlangoni kwa mfiwa alitembea.

Wakatandika mikeka katikati ya Kona ya Amani, kuanzia barabara ilipopindia mpaka mbele huko. Mama Digidigi akaja. Wajukuu wa bibi Sungura wakaja. Wakaja na akina mama Nyumbu, mmoja mmoja, wale ambao watoto wao bado walikuwa msafarani wazima, na hao ndio waliolia kuliko wote. Sufuria zikabandikwa. Nyuma ya migongo yao watoto walivuka kwenda majini na kurudi, wakacheza kabisa, na Mama Kanga akawatazama kama mtu anayeangalia kitu cha kuazima.

Siku tatu zikapita, barabara imefungwa, msafara haujashuka. Bwana Fisi akaja, akatembea, akainama, akakaa.

"Mama zangu, sijaja kuwasumbua. Nauliza tu, matanga haya yataanuliwa lini? Desturi ni siku tatu."

"Desturi ni kuanua msiba ukiisha," alisema Mama Kanga. "Huu haujaisha, unaendelea kuja. Wewe ndiye Waziri wake, ratiba si unayo?"

"Mama, ulimi wako ni mkali."

"Anzeni kutembea, tutaanua leo hii. Chai unakunywa?"

Alikunywa chai, akarudi ikulu na wazo. Mkubwa akishatoa mkono wa pole, wafiwa hawana tena sababu ya kukaa. Kwa hiyo Mfalme aende akatoe rambirambi, mikeka ikunjwe, barabara ifunguliwe.

"Vizuri," alisema Mfalme. "Twende. Mbio."

"Mtukufu, kwa leo nilifikiri labda tukikaribia pale tungepunguza..."

"Nani kasema hivyo?"

"Hakuna aliyesema, Mtukufu."

Wakatoka. Mfalme alitangulia, Fisi ubavuni pake. Macho ya Mfalme yalikuwa yameisha siku nyingi, jambo ambalo halikusemwa, na ni Fisi aliyekuwa akimnong'oneza kila safari: mteremko, Mtukufu, kona, Mtukufu. Nchi ilimsifu Mfalme kwa kuijua kila kona yake.

Chini, akina mama walisikia ardhi inatetemeka. Mama Kanga aliwasukuma watoto wake kando ya barabara. "Msivuke mpaka niseme." Kisha akarudi, akakaa mkekani. Mama Nyumbu alimshika bawa.

Nyumbu wa ulinzi waliiona mikeka kutoka mlimani. Waliona vilemba vya maombolezo, na chini ya vilemba wakaona mama zao. Nyumbu wa mbele akapunguza. Wa nyuma yake akapunguza. Msafara mzima ukaanza kutembea, vichwa chini, kama watu wanaoingia msibani. Mawaziri wakageuka, wakaona wameachwa, wakasimama. Na Fisi, ambaye hajawahi kwenda popote peke yake, akasimama nao.

Mfalme akasikia kimya nyuma yake. Kwato zote zimenyamaza. Akajua moja tu, kwamba hatimaye amewashinda wote. Uso wake ukang'aa kwa furaha, akaongeza mwendo. Hakuna aliyemwambia kona, Mtukufu. Alipita hatua chache tu kutoka mkeka wa kwanza, upepo wake ukaangusha bilauri za chai, akaendelea moja kwa moja kulikokuwa na kibao cha Amani, akashuka nacho korongoni.

Vumbi lilipotulia, sauti yake ilipanda kutoka chini.

"Mko wapi? Nimewaacha mbali sana?"

Mama Kanga alisimama. "Vukeni," aliwaambia wanawe. "Polepole."

Juu ikulu, Bwana Swala, aliyegeuka mara tu Mfalme alipoanguka, alikuwa ameshafika. Ngoma ilikuwa inalia kuita wenye miguu: kiti ki wazi, na atakayefika bondeni wa kwanza ndiye Mfalme. Vumbi jipya lilikuwa limeanza kuonekana mlimani.

Fisi alifika mkekani kwa kutembea, akafuta uso. "Poleni, mama zangu. Nadhani sasa tunaweza kuanua."

Mama Nyumbu alitazama mlimani, akasogea kumpa nafasi.

"Kaa, Mheshimiwa," alisema. "Bado wanakuja."