Maziko ya Kidole

Mwinjuma wa Masaki, kule Kisarawe, alilima mihogo na mikorosho, na alivuta sigara tangu ujana wake alipokuwa kibarua wa reli Soga. Mwaka 1953 mguu wake wa kushoto ulianza kumgomea njiani. Akipandisha kilima, shavu la mguu linabana mpaka asimame. Anakaa, anawasha sigara, maumivu yanakwisha. Akaamini kilima kimerogwa na sigara ni dawa. Akabadili njia. Maumivu nayo yakabadili njia.

Kidole gumba cha mguu huo kilipokuwa cheusi kama mkaa, mkewe Biubwa alimpakia kwenye lori la mihogo, wakaenda hospitali Dar es Salaam.

"Unavuta?" daktari aliuliza.

"Kidogo."

"Hata sasa ananuka," alisema Biubwa.

Daktari akaeleza taratibu. Moshi umeiharibu mishipa, njia ya damu imekuwa nyembamba, na damu imeganda ndani ikaziba. "Ukitembea, mguu unataka damu nyingi, haifiki. Ukikaa, hiyo kidogo inatosha. Kidole hiki hata hiyo kidogo hakikupata."

"Kwa hiyo sigara haikuwa ikinituliza?"

"Ni kukaa."

Mwinjuma aliumizwa na jibu hilo kuliko na kidole.

Kidole kikakatwa. Daktari akaonya kwamba akiendelea kuvuta, kitakachofuata ni mguu, na damu inaweza kuganda hata kwenye mshipa wa moyo. Biubwa akakiomba kidole wakakizike, akapewa kimefungwa kwenye kitambaa cheupe.

Waliporudi nyumbani, kaburi alilichimba Twalibu, kaka yake Biubwa. Majirani wachache walikuja kutoa pole, wasijue waseme nini hasa. Mwinjuma, akiwa ameegemea fimbo, alitoa sigara akaiweka mdomoni bila hata kufikiri.

Twalibu alikuwa ameshika jembe afukie. Biubwa akamzuia.

"Kaka, usifukie kwanza. Lirefushe, tumalize kazi leo."

"Liwe na urefu gani?"

"Wa mguu."

Twalibu akautazama mguu wa shemeji yake, akaupima kwa macho, akaanza kuchimba. Alikuwa mtu asiyependa kubishana na dada yake.

Mwinjuma alilitazama shimo likiongezeka. "Inatosha, shemeji," alisema. Akaitoa sigara mdomoni, akampa mkewe pamoja na pakiti.

Kuacha kulimfanya awe mtu mbaya. Alitafuna mihogo mibichi kutwa, akagombana na mbuzi. Mara moja Biubwa alimfuma nyuma ya choo akivuta. Akaenda kumwita Twalibu aje na jembe. Baada ya hapo hakuvuta tena.

Jeraha lilichukua muda kufunga. Msimu wa korosho ulipofika, aliweza kwenda Kisarawe mjini kwa miguu, akipumzika hapa na pale. Njia nzima alilalamikia jua, vumbi, na ukoo wa mkewe. Biubwa, aliyekuwa nyuma na kapu kichwani, alikuwa akiitazama miguu yote miwili ikitangulia mbele yake.