Lulu Kutoka Mangateen

Viola, mjukuu wangu, aliporudi kutoka Nairobi hakuvua kilemba hata wakati wa kulala. Mwishowe nikamwambia, "Mama, kilemba hicho kitaota mizizi." Akacheka, akakivua, kisha akalia. Nywele za mbele zilikuwa zimekwisha, kuanzia paji la uso hadi nyuma ya masikio. Miaka yote ile alikuwa akibandika wigi kwa gundi, na chini ya wigi akipaka dawa ya kulainisha.

"Haboba, nimezeeka kukupita wewe," alisema. Haboba ndivyo watoto wa Juba wanavyotuita sisi bibi zao.

"Mimi ninazo zangu," nikamjibu. "Kaa chini."

Hivyo zikaanza Jumamosi zetu, kwenye kizingiti cha nyumba yangu hapa mtaa wa Munuki, Juba. Kazi yake ilikuwa kwenda soko la Konyo Konyo kununua lulu, yale mafuta mazito ya kokwa za porini ambayo wanawake wetu wamepaka tangu zamani. Yangu ilikuwa kuyaandaa. Lulu naiyeyusha kwa kuweka bakuli juu ya maji ya moto, siiweki motoni. Nachanganya na mafuta ya simsim niliyolowekea mbegu za uwatu na karafuu chache. Najaribu joto kwenye kifundo cha mkono. Kisha natenga nywele, nachovya ncha za vidole, kucha hazigusi, nakanda ngozi polepole mpaka mabega ya mtu yashuke.

"Nanuka moshi," Viola alilalamika.

"Unanuka nyumbani."

Nilimwambia mapema kwamba shina la nywele lililokufa kabisa halifufuki kwa mafuta. Lakini ngozi iliyochoka hupata nafuu, na nywele changa hazikatiki ovyo.

Mabega yake yakishuka, alianza kuongea, na mara nyingi aliongea habari za baba yake.

Lony alikuwa mume wa binti yangu Ketty tulipokuwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Waliachana zamani, na sasa aliishi mtaa wa Mangateen na mke wake mwingine, Ajok. Sitamsema vibaya. Ketty alipolala mgonjwa kule kambini, Lony ndiye aliyempaka Viola mafuta na kumsuka. Wanaume wenzake walimcheka. "Lony, tusuke na sisi." Akawajibu, "Pangeni foleni, ila kila mtu aje na mafuta yake." Alisuka vibaya, mistari imepinda kama njia za mbuzi, na Viola hakukubali mtu mwingine aifumue.

"Nitaenda kumwona," Viola alikuwa akisema. "Zikimea kidogo tu."

"Nenda na kilemba."

"Atakivua, Haboba. Kabla ya salamu atashika kichwa changu. Si unamjua?"

Nilimjua. Na kutoka Munuki hadi Mangateen si safari ya kuaga watu, boda boda inakufikisha chai yako ikiwa bado ya moto. Lakini msichana alitaka kumrudishia baba yake kichwa kile alichokisuka. Niliona kwamba aibu yake ilitokana na kumpenda, sikumsukuma.

Nywele zikaanza kurudi. Mwanzo zilikuwa kama masizi juu ya paji, baadaye zikawa laini kama za mtoto mchanga. Viola alizishika kila alipopita kwenye kioo. "Mwezi ujao," alisema. "Mwezi ujao naenda."

Mwezi huo haukufika. Lony alishikwa na homa, na tulipopigiwa simu alikuwa ameshafariki.

Huko Mangateen ndugu zake walisema watoto wake wote wanyolewe kwa ajili ya msiba. Ketty aliomba kwa sauti ya chini kwamba Viola asamehewe, kwa kuwa nywele zake zimeteseka. Viola mwenyewe akafungua kilemba, akaketi kwenye kiti cha plastiki. Shangazi mwenye wembe alipoziona zile nywele changa akasimama kidogo. Akaagiza maji ya uvuguvugu, akazilowesha, akazilowesha tena, na mkono wake ukaenda taratibu kama anayemwosha mtoto. Sikumbuki jina la mwanamke yule, lakini mkono wake naukumbuka.

Alipomaliza, Ajok akatoka ndani na kopo lililofungwa kitambaa.

"Hii ni yako," alimwambia Viola. "Baba yako alikuona Konyo Konyo. Ulikuwa umeinama kununua lulu, kilemba kimerudi nyuma. Ulipoondoka alinunua kwa mama yule yule."

"Mbona hakuniita?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, 'Mwache, anakificha kichwa chake. Akiwa tayari atakuja, nami nitampaka mwenyewe.'"

Viola alifungua kopo, akanusa, akalifunga. "Kumbe aliniona," alisema. "Aliniona nikiwa hivyo hivyo." Ajok akamfunga kilemba tena, akakikaza vizuri.

Siku zile zote mmoja alikuwa akingoja upande huu wa mji na mwingine upande ule, na njia katikati ilikuwa wazi.

Jumamosi iliyofuata niliweka maji jikoni. Nilipochukua chupa ya simsim, Viola akanishika mkono. "Yake peke yake, Haboba."

Nikaiyeyusha lulu ya Lony bila kuongeza kitu. Akaketi kizingitini, mgongo kwenye magoti yangu. Hapakuwa na nywele za kutenga. Nikaanzia kwenye paji, nikakanda kama kawaida, mpaka nyuma ya masikio, mpaka kisogoni. Mabega yake hayakushuka siku ile. Niliendelea mpaka mafuta yakapoa, nikainuka nikayapasha tena.