Meno ya Mposaji

Elia, fundi friji wa Mwembesongo, alipanda milimani Mgeta kuposa huku ameapa kutocheka. Si kwamba alikuwa mtu wa kununa. Kazini kwake ndiye aliyewavunja wenzake mbavu. Tatizo lilikuwa meno. Yalikuwa ya kahawia, yenye madoadoa kama maharage, na Felista, mchumba wake, alikuwa amemwonya: "Mjomba Mikaeli hapatani na tumbaku hata chembe. Akiyaona hayo kabla hajakuzoea, tumekwisha."

Na kwa Waluguru, kabila la Felista, mjomba akikataa, baba mzazi huishia kukohoa tu.

"Shikamoo, mjomba," alisema Elia, midomo ameibana kama fundi cherehani aliyeshika pini.

"Marahaba. Mbona umenuna? Umelazimishwa kuoa?"

"Hapana, mjomba."

Mjomba akamtembeza kwenye matuta ya kabichi, akijisifu njia nzima. Hakuna kiumbe, alisema, kilichowahi kuponyoka mikononi mwake. Hajafunga mdomo, jogoo wa kuchinjiwa mgeni akawaponyoka wapishi, akampita katikati ya miguu. Mjomba akaruka kumdaka, akakosa, akatua kifudifudi kwenye kabichi. Alipoinua uso, jani zima limemkaa kichwani kama baraghashia.

Elia alijitahidi. Mungu ni shahidi, alijitahidi. Lakini kicheko kilimpasuka mpaka machozi yakamtoka.

Mjomba akasimama taratibu, macho yamemganda kwenye kinywa cha mgeni. "Ugoro!" akafoka. "Felista! Umeniletea mla ugoro!"

"Si ugoro, mjomba, ni maji," Elia akajitetea. "Mimi nimezaliwa Arumeru, kule Maji ya Chai."

"Maji ya chai? Na sukari mnatia?"

"Ni jina tu la mahali. Maji ya kule yana floraidi, ni madini, tena mengi kupita kiasi. Ukiyanywa utotoni, meno yangali yanajijenga, yanaota na rangi hii. Kwetu hata mchungaji anayo."

Mjomba akamwamuru aachame, akamnusa kinywa kama mtu anayepima kama maziwa yamechacha. Hakusikia tumbaku. Alisikia dawa ya meno.

"Hiyo dawa nayo ina floraidi, mjomba," akasema Felista, aliyefika akihema. "Hata ya kwako."

Kosa. Mjomba alikimbilia ndani, akarudi ameishika dawa yake kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Imeandikwa kweli! Kumbe na mimi nageuka kahawia?"

"Hugeuki," Elia akamtuliza. "Ya humo ni kidogo, unasugulia na kutema. Inayakaza meno yasitoboke. Ni kama chumvi: kidogo mboga inanoga, ukitia kiganja kizima unamwaga sufuria."

Mjomba akawaza. Kisha akafunua kinywa chake mwenyewe: mapengo matupu, na meno machache yaliyokaa mbalimbali kama majirani waliogombana. "Maji yetu ya mlimani hayana doa," akasema kwa unyonge, "lakini nilitafuna miwa tangu utoto, na dawa hii nimeijua juzijuzi."

Akajikung'uta udongo, akanyoosha mgongo. "Sasa sikiliza, baba. Kwetu watoto hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo ni wetu. Watakunywa maji ya Mgeta, na watapiga mswaki kwa dawa. Wakienda kwenu kusalimia, wabebe maji yao."

Felista akajifunika uso kwa khanga. Elia, aliyekuja kuomba mke tu, akajikuta anaapa kwa niaba ya watoto ambao hata majina hawana.

"Nimekubali, mjomba. Nitawabebea mwenyewe, madumu kwa madumu."