Zamu ya Wanawake wa Pichani

Saa nane kasorobo mchana Pamba alikuwa anahesabu vipimajoto kwenye glasi ya spiriti, maana kimoja kilipotea wiki iliyopita na Metroni alikuwa bado anakitafuta, wakati wanawake sita waliposhuka kutoka kwenye picha ya ukumbini na kuanza kupanda ngazi kuja kazini. Alizijua hatua zao. Viatu vya siku zile vilikuwa na soli ngumu.

"Leo wamechelewa," alisema mfagiaji, akasogeza ndoo yake kuwapisha. "Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," alijibu aliyetangulia. "Pale nyuma ya mlango umeparuka."

"Nilikuwa napaendea."

"Tangu juzi unapaendea."

Wa tatu katika msafara huo alikuwa mama yake Pamba. Alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja iliyopita kwa maradhi ya kifua, akazikwa siku ya Alhamisi, mvua ikinyesha kidogo. Pichani alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Pamba, ambaye aliitwa hivyo na wodi nzima kwa sababu mifuko yake haikukosa pamba, alikuwa na hamsini na sita. Mtu asiyewajua angedhani Pamba ndiye mama. Wao wenyewe hawakulijali hilo. Pamba alimwamkia mama yake, mama akaitikia, kisha wakapita kitanda kwa kitanda kukabidhiana zamu kama inavyotakiwa: huyu amekunywa uji, huyu kidonda kimesafishwa, huyu dripu yake iishe saa kumi.

"Na hii shuka ameitandika nani? Kona imelala kama mlevi."

"Mimi, mama."

"Nilidhani."

Picha ile ilipigwa zamani, wakati wauguzi weusi wa hospitali hiyo walipokuwa wanakula wima katika chumba cha kuoshea vyombo, na wenzao weupe wanakula mezani. Mweupe aliitwa Sista. Mweusi, hata awe na vyeti na wajukuu, aliitwa msichana. Jumatatu moja wanawake sita wakaacha kuitika. Kazi hawakuiacha. Waliwageuza wagonjwa, waliosha vidonda, walizalisha. Lakini aliyeita "we msichana" aliona mgongo tu. Aliyeita "Sista" aliitikiwa hapo hapo. Wagonjwa walijifunza siku ya kwanza, kwa kuwa walikuwa na shida. Mganga Mkuu alijifunza siku ya tisa, sauti ikiwa imemkauka. Tangu hapo kila muuguzi wa hospitali ile akawa Sista na akala ameketi, na hospitali nyingine zikafuata, moja baada ya nyingine, kwa kusuasua.

Siku ya kumi mtu akaleta kamera. Mganga Mkuu akawekewa kiti katikati, wanawake wakasimama nyuma yake. Chini ya picha karani akapiga chapa: "Mganga Mkuu na wasichana wake."

Ilikaa stoo miaka mingi. Kuta zilipopakwa rangi upya, mtu akaiokota, akaifuta vumbi, akaitundika ukumbini mkabala na dirisha la dawa. Wiki ya pili wale sita wakashuka.

"Tungekaaje na neno lile kutwa kucha?" mama yake alimwambia Pamba siku hiyo, akifunga aproni. "Afadhali kazi."

Metroni alikuwa na upungufu wa wauguzi wanane, kwa hiyo hakuuliza mengi. Aliwaingiza katika jedwali la zamu kama Picha ya Kwanza mpaka Picha ya Sita, zamu ya mchana, Jumatatu hadi Jumamosi. Saa mbili usiku walirudi kwenye fremu. Mchana Mganga Mkuu alibaki pichani peke yake, mikono juu ya magoti, akiwatazama waliopanga foleni ya dawa. Watoto walimpungia mkono. Hakuwahi kupunga.

Mambo yangeendelea hivyo, lakini mwaka ulipozunguka Pamba aliona miguu ya mama yake imevimba. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, katika kijichumba cha shuka, kiatu kimoja mkononi, anakisugua kisigino kwa kidole gumba. Ndivyo alivyokuwa akiketi nyumbani, jioni, Pamba akiwa mdogo, na watoto wakaambiwa wasimsemeshe mpaka avae tena.

"Nilidhani huko miguu haivimbi," alisema Pamba.

"Huko haivimbi. Inavimba hapa."

Ndipo Pamba akaamua neno lile lazima liondoke, ili mama yake apate mahali pa kupumzika. Aliandika barua. Akaandika nyingine. Baada ya ya tatu Katibu wa hospitali akamwita ofisini, akamvutia kiti mwenyewe, kwa maana alikuwa mtu wa adabu.

"Dada yangu, neno lile ni baya. Nakubali. Mimi nami nina mama."

"Basi liandikwe upya. Majina yao sita, na kila jina lianze na Sista. Ninayo hapa."

Katibu aliisoma karatasi mpaka mwisho, midomo ikimchezacheza. "Tukiandika hivi, watakaa kwenye fremu?"

Pamba hakuwahi kujua kusema uongo. "Watakaa. Wamechoka."

"Unaona sasa." Katibu alifungua jedwali la zamu, akaweka kidole kwenye safu za mchana. "Hapa atasimama nani? Wizarani tumeshawaandikia kwamba upungufu umekwisha. Zile nafasi wamezifunga. Ukistaafu wewe mwakani, na yako itafungwa."

"Kwa hiyo wafanye kazi mpaka lini?"

"Dada, ile picha ni kumbukumbu. Historia haichezewi." Alimrudishia karatasi yake kwa mikono miwili. "Chai utakunywa?"

"Hapana, kaka. Nina shughuli."

Alitoka pale akaenda duka la mkabala na lango, akanunua wembe na gundi. Saa tisa, foleni ya dawa ilipopungua, alishusha fremu na kuilaza juu ya benchi. Mganga Mkuu alikuwa peke yake na kiti chake. Pamba alikuwa ameshakunjua kibati kimoja kati ya vile vinavyoishika picha nyuma ya fremu aliposikia zile soli ngumu. Mama yake alikuwa ameshuka na beseni la shuka chafu kiunoni.

"Weka huo wembe, utajikata."

"Nataka ulale, mama. Nabandika majina, basi. Hata dakika kumi hazifiki."

"Majina tulikuwa nayo. Langu nilipewa na bibi yako, na mtaa mzima uliliita, mpaka mbwa wa jirani alilijua." Alihamishia beseni kiuno cha pili. "Siku tisa zile hatukuwa na haja ya kujiita. Tulitaka waite wao."

"Hawaiti. Nimetoka huko sasa hivi."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa rudisha picha ya watu ukutani. Juu kuna mgonjwa hajageuzwa tangu saa saba, na wewe zamu yako imekwisha, nenda nyumbani ukale."

Pamba alikibana kibati, akaitundika fremu. Ilikuwa imeinama kidogo upande wa kushoto. Aliinyoosha. Karatasi ya majina aliitia mfukoni, katikati ya pamba, na nyumbani akaiweka kabatini pamoja na cheti cha kifo.

Mwisho wa mwezi jedwali jipya lilibandikwa. Picha zote sita zilikuwa zimeongezewa Jumapili. Picha ya Nne ilipelekwa wodi ya wazazi, na ya Tano vilevile, nyingine tatu zikatawanywa kwingine. Wodi ya wanawake, Jumapili mchana, ilibaki na Picha ya Tatu peke yake, yaani mama yake Pamba.

Kutandika kitanda chenye mgonjwa kunataka watu wawili. Kila muuguzi hufundishwa hivyo juma la kwanza: mmoja anamshika mgonjwa ubavuni, mwingine anaviringisha shuka ya zamani na kutandaza mpya. Mtu mmoja akijaribu, ama anamwangusha mgonjwa, ama anaumia mgongo.

Jumapili ilikuwa siku ya mapumziko ya Pamba. Alifua asubuhi, akaanika, akala kiporo. Saa nane na nusu alikuwa wodini, amevaa gauni lake la nyumbani na viatu vya kazi. Mama yake alikuwa kitanda cha pili, kwa bibi mmoja mrefu aliyevunjika nyonga. Hakumuuliza amefuata nini. Alimwonyesha kwa kidevu upande wa pili wa kitanda.

"Pole, bibi," alisema Pamba. "Tunakugeuza kidogo."

"Nigeuzeni tu, wanangu," alisema yule bibi, akimtazama mama. "Sista, wewe una mikono baridi, lakini kazi unaiweza."

Metroni alichungulia mlangoni, akahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu, akaandika: wodi ya wanawake, watu wawili, inatosha. Kisha akaenda zake.

"Vuta," alisema mama yake.

Pamba akavuta. Wakakunja kona, wakamfunika bibi, wakahamia kitanda cha tatu.